Mkate wa samaki usio na samaki: tulivyokula bungeoppang Seoul

Leo naomba tuweke siasa na mpira pembeni kidogo, niwape habari ya tumbo. Ila msidhani ni habari nyepesi, maana imeniishia kwenye mahesabu ya maisha, someni mpaka mwisho mtaona.

Niko Seoul, Korea Kusini, kwa wiki tatu. Msiniulize nauli nimeipata wapi, maana mimi ni kijana niliyemaliza kidato cha nne 2023, naandika huku na kule, nikilipwa nalipwa, nisipolipwa nashukuru Mungu. Nauli ni ya dada yangu. Anasoma hapa shahada ya pili kwa ufadhili, akajibana miezi mingi akanikatia tiketi. Nimetua Desemba na jaketi la mtumba nililonunua Tanga nikijua nimejipanga. Jamani, baridi ya huku si ya Lushoto. Siku ya kwanza ilikuwa nyuzi 8 chini ya sifuri, masikio nikahisi kama si yangu.

Sasa dada alikuwa amenisimulia siku nyingi kwenye simu habari za kitu kinaitwa bungeoppang. Anasema baridi yake ya kwanza hapa, hana rafiki, hajui lugha, kilichomfariji ni mama mmoja mtu mzima aliyekuwa na kibanda nje ya kituo cha treni za chini ya ardhi karibu na anapokaa. Alikuwa anauza hivyo vimikate, samaki watatu kwa won 2,000. Dada kajifunza kuhesabu Kikorea palepale, moja, mbili, tatu, yule mama akimrekebisha huku anageuza vyuma. Kwa hiyo ratiba yangu ya kwanza Seoul haikuwa jumba la wafalme wala mnara. Ilikuwa kwenda kwa yule mama.

Kabla sijawaambia tulimkuta au hatukumkuta, ngoja niwaeleze kitu chenyewe.

NI KITU GANI?

Bungeoppang ni mkate mdogo wa moto wenye umbo la samaki, ngozi yake imeiva kahawia, ndani umejazwa maharage mekundu yaliyopondwa na sukari. Hakuna samaki ndani, hata harufu yake. Wakorea wenyewe wana utani, ndani ya bungeoppang hakuna bungeo. Bungeo ni samaki wa maji baridi, wa mitoni na mabwawani, samaki wa kawaida tu, tuseme kama perege kwetu. Ppang ni mkate.

Hili neno ppang lina safari ndefu. Wareno mkate wanauita pão. Wajapani wakalichukua wakasema pan, na Wakorea wakalipata kupitia kwa Wajapani. Msiwacheke, sisi wenyewe tuna meza, leso, gereza na mvinyo, vyote tumeachiwa na Wareno haohao.

Na samaki naye katoka Japani. Kule wana mkate wa namna hiyo unaitwa taiyaki, na duka la Naniwaya la Tokyo, lililoanza 1909, ndilo linalotajwa sana kuwa mwanzo wake. Ila samaki wa Wajapani anaitwa tai, ni samaki wa bei mbaya, wa kwenye sherehe. Korea ilitawaliwa na Japani kuanzia 1910 hadi 1945, na miaka ya 1930 mkate ukavuka bahari. Ulipofika huku ukawa samaki wa watu wa kawaida. Baada ya vita vya 1950 hadi 1953 nchi ilikuwa hoi, Marekani ikawa inaleta ngano ya msaada, na hiyo ngano ndiyo ilitengeneza vyakula vingi vya mitaani, huyu samaki akiwemo.

Halafu mwishoni mwa 1997 uchumi wa Korea ukaanguka, ikabidi wakope IMF. Mpaka leo wazee hapa wakisema "wakati wa IMF" wanamaanisha ile miaka ya njaa, kampuni zinafungwa, baba wa watu anarudi nyumbani na boksi la vitu vyake vya ofisini. Wengi wa waliofukuzwa kazi wakaingia barabarani kuuza vyakula, na bungeoppang ilikuwa mojawapo, kwa sababu mtaji wake ni mdogo na haihitaji ujuzi wa miaka. Dada ananiambia wapo wenye magodauni wanaompa mtu kibanda na vyuma bila kulipia, sharti moja tu, unga na maharage ununue kwao.

Kwa hiyo wadau, mkijumlisha hapo mtaona jambo moja. Huyu samaki kila nchi inapobanwa, anatokea. Ni chakula cha bei rahisi kwa mlaji na kazi ya mwisho kwa muuzaji. Hilo lishikeni, tutalirudia.

KINATENGENEZWAJE?

Nyie mnaojua kupika vitumbua mtanielewa haraka. Chuma chake ni ndugu wa chuma cha vitumbua, tofauti ni kwamba kina mifuniko. Kila kiota kina pande mbili zenye bawaba, upande mmoja umechongwa ubavu wa samaki na wa pili ubavu mwingine, ukifunga anapatikana samaki mzima na magamba yake na jicho. Viota vinapangwa safu juu ya moto wa gesi, na vibanda vya zamani vilikuwa na vyuma vilivyopangwa duara vinavyozungushwa.

Uji wa ngano unakuwa mwepesi, unamiminika, na muuzaji anaumimina kwa birika. Ndiyo, birika kama la chai! Anapaka mafuta kidogo, anamimina uji kufunika chini, anaweka kijiko cha maharage katikati, anamimina uji tena juu, anafunga. Baada ya muda anageuza chuma kwa ndoano, upande wa pili nao uive. Dakika tatu nne hivi, anafungua, anakata masalia ya pembeni, samaki katoka.

Maharage yenyewe ni madogo mekundu, wanayaita pat. Yanachemshwa, maji ya kwanza yanamwagwa ili uchungu utoke, yanachemshwa tena mpaka yalainike kabisa, halafu yanapondwa na sukari na chumvi kidogo. Wakorea wanayaheshimu haya maharage. Siku ya usiku mrefu kuliko yote, kama tarehe 22 Desemba, wanayapikia uji mwekundu, na zamani waliamini rangi ile inafukuza mashetani.

Najua kuna mtu hapo ameshakunja uso, "maharage na sukari?" Na mimi nilikunja. Kisha nikakumbuka bibi yangu Tanga, kila Ramadhani anapika maharage ya nazi akatia sukari na iliki, na sisi tunagombania. Basi nikanyamaza.

TWENDE SASA KWA YULE MAMA

Dada ana programu kwenye simu inayoonesha vibanda vya bungeoppang viko wapi. Jina lake kwa Kiswahili ni kama "3,000 za moyoni", kwa sababu huku kuna msemo kwamba kipindi cha baridi kila mtu atembee na won 3,000 za noti, usije ukakutana na kibanda huna kitu. Wana hata neno la mtaa wenye kibanda karibu, wanaita bungsegwon, na vijana wanalisema kama vile sisi tunavyosema "nyumba ina maji na umeme". Vibanda vinaanza kuonekana kwenye Oktoba au Novemba, Machi vinapotea.

Programu ikaonesha kibanda cha yule mama kipo. Tukafika, hakipo. Pale palikuwa na baiskeli mbili na pipa la maua. Dada akasimama hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika, mimi nikijifanya naangalia magari.

Tukaingia uchochoroni kutafuta joto, tukakuta kiduka kidogo cha vitu vitamu. Meza nne, kuta nyeupe, taa za njano, muziki wa chini. Dirishani wamepanga wafo za malai, zile za umbo la kroasanti iliyogandamizwa kwenye chuma cha wafo (hizo wanaziita croffle, zina mashabiki wengi hapa), na pembeni, haya basi, samaki wetu. Wamepangwa kwenye sahani nyeupe, wengine midomo wazi wamejazwa aiskrimu.

Tukaagiza wawili. Wa maharage won 2,500, wa kastadi won 3,000. Halafu ukikaa kwenye meza kila mtu lazima aagize kinywaji, ndiyo sheria yao, kwa hiyo kahawa mbili, 4,000 kila moja. Jumla won 13,500. Kwa kiwango nilichobadilishia, won 1,000 ni kama shilingi 1,750, kwa hiyo tumekula karibu shilingi 24,000. Nikamwambia dada, mama anauza kitumbua 200. Hapa tumeweka mezani vitumbua 120. Akaniambia kula, kinapoa.

Ladha sasa. Wa maharage nilianza na kichwa. (Hapa watu wanabishana kweli kweli, wapo wa kichwa na wapo wa mkia, na wapo wa maharage na wapo wa kastadi, kama Simba na Yanga tu.) Ngozi ya nje inakatika kwa kelele kidogo, ndani laini, halafu yale maharage yanakuja ya moto sana, mazito, utamu wake hauruki mdomoni kama wa jamu, unakaa chini. Ulimi niliunguza, sikujali. Mkiani maharage hayafiki, ni mkate mtupu mkavu, na nadhani ndiyo maana watu wa mkia wanapenda kumalizia hapo, unasafisha kinywa. Wa kastadi ni mzuri pia lakini anafanana na keki yoyote, huhitaji kupanda ndege kumla. Mimi ni wa maharage.

Duka lilikuwa tupu, mwenyewe akaja kuongea na dada. Kijana tu, miaka thelathini na kitu. Dada akamuuliza habari za yule mama wa kituoni. Alimfahamu. Akasema watu wa jirani walimripoti. Kuuza barabarani huku kunataka kibali cha kutumia barabara, na vibanda vingi havina. Mtu yeyote anaweza kupiga simu manispaa, wanakuja, faini. Akaripotiwa mara ya kwanza, akalipa. Ya pili, akalipa. Ya tatu akafunga. Kijana akasema hajui alikohamia, ila yeye kuuza samaki alianza baada ya yule mama kuondoka, kwa sababu wateja waliendelea kuingia kwake wakiuliza.

Nikataka kumchukia, wadau, nisiwafiche. Nikaona huyu ndiye amekula riziki ya mama wa watu. Lakini akaendelea kueleza, dada anatafsiri. Maharage yamepanda, gesi imepanda, maharage mengi ya kujazia yanatoka China, na akitumia ya hapahapa bei inapaa zaidi. Kodi ya pango alipoulizwa akacheka tu. Akasema, samaki peke yake hawezi kulipa kodi. Ndiyo maana kuna kahawa, ndiyo maana kuna aiskrimu, ndiyo maana kila anayekaa lazima anywe kitu. Alikuwa ofisini zamani, kampuni ikapunguza watu. Yaani naye kaletwa hapa na njia ileile ya wale wa 1997, tofauti yeye ana ukuta.

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwenye duka hakumfukuza yule mama, ila kibanda kikishaingia ndani kinabeba gharama za ndani, na bei inalipa kuta. Mlaji aliyekuwa na won 2,000 hapati tena samaki watatu, hapati hata mmoja. Na yule asiye na mtaji wa pango, mzee, mjane, aliyefukuzwa kazi hana akiba, ule mlango mdogo wa mwisho aliokuwa anapitia umefungwa. Mkate haujapotea. Upo hata kwenye maduka ya usiku na mchana ya huku, unapashwa moto unapewa. Aliyepotea ni muuzaji.

Nao waliomripoti wana lao. Njia ya miguu ni nyembamba, moshi, takataka, na mwenye duka anayelipa kodi anaona si haki mtu wa nje asiyelipa auze kitu kilekile. Tuliyasikia hayahaya Bongo 2021 machinga walipohamishwa toka kando ya barabara. Wenye maduka walishangilia, na siwezi kusema walikuwa waongo. Ila swali langu lilikuwa na bado ni hilihili, yule mwenye mtaji wa elfu ishirini aende akauzie wapi mahali ambapo watu wanapita? Ukimpeleka mbali na kituo umemtoa faini, lakini umemtoa na wateja.

KESHOKUTWA YAKE

Dada hakukubali kuishia hapo. Tukaenda sokoni, lile la zamani lenye mapaa ya bati na kina mama wa samaki wa kweli. Hapo tukakuta mzee na mkewe na kibanda chao, turubai la plastiki limezibia upepo. Samaki watatu 2,000! Mzee anamimina, mama anatia kwenye mfuko wa karatasi. Tulikula tumesimama, mvuke unatutoka mdomoni, miguu inaganda.

Niwe mkweli kuhusu ladha, maana kuna watu wakisikia kibanda lazima waseme ndiko kutamu. Maharage ya kijana wa dukani yalikuwa mazuri zaidi, unaona punje nzimanzima, hayakuzidi sukari. Ya mzee ni laini mno na matamu mno, ya godauni bila shaka. Lakini ngozi ya mzee hamfikii mtu. Nyembamba, imekauka pembeni, maharage yanaonekana kwa ndani kama kivuli. Mikono yake haikuwa inaangalia, inajua yenyewe chuma kipi kimeiva. Dada akahesabu pesa kwa Kikorea, moja, mbili, na yule mama wa kibanda akatabasamu, akamtilia samaki wa nne bure.

Jambo la mwisho la lugha. Wakorea mtoto akifanana na baba yake wanasema huyu ni bungeoppang ya baba yake, kwa sababu samaki wote wametoka chuma kimoja. Sisi tungesema shilingi kwa ya pili. Nimelipenda hilo neno kwa sababu zangu. Mama yetu anauza vitumbua asubuhi Tanga, anaamka saa kumi alfajiri. Shule ada ilikuwa imefutwa, lakini sare, daftari, viatu na hela ya uji wa mchana vilitoka kwenye chuma chake. Hata dada, ukichimba vizuri, amefika Seoul kwa kupitia chuma hicho. Anauzia kando ya barabara, hana pango, na mgambo wakipita anafunika beseni.

Usiku nikamtumia picha kwenye WhatsApp, samaki mkononi, vyuma vimefunguliwa. Nilidhani atauliza ni kitamu, au atacheka maharage na sukari. Akatuma sauti, sekunde kama kumi hivi. Swali la kwanza, "Huyo mzee anauza wangapi kwa siku?" La pili, "Na hicho chuma ni bei gani?"

Cha wangapi sijui, sikumuuliza mzee. Chuma nimeanza kuulizia. Kuna vidogo vya nyumbani vya samaki wawili vinavyowekwa juu ya jiko la gesi, havina uzito mkubwa, vinaingia kwenye begi. Maharage mekundu tunayo, ngano tunayo, na birika lipo. Kilichobaki ni mahali pa kukaa watu wanapopita, na hapo, kama mlivyoona, ndipo penye mtihani.

Haya wadau, naomba kuwasilisha. Kama kuna mtu amewahi kufanya biashara ya namna hii Tanga, Dar au kokote, aniambie alianza na shilingi ngapi na alikaa wapi. Nitampelekea mama majibu.